Mpiga Kinanda Wetu Ameomba Ruhusa



Kwenye matangazo ya wiki hii mtaona ratiba ya muziki ya Majilio. Kuna warsha ya siku 2, Jumamosi na Jumapili, ya wapiga kinanda wa makanisa ya hapa mjini. Jumapili inayofuata, kanisa moja kubwa katikati ya mji litakuwa na jioni ya nyimbo na kinanda kuanzia saa kumi, na sote tumealikwa. Chini kabisa kuna mstari mfupi: Jumapili hizo 2 mpiga kinanda wetu hatakuwepo kwenye ibada yetu ya saa nane mchana.

Mstari huo umetugharimu vikao 2 vya baraza la wazee. Katika kikao cha kwanza tulimkatalia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokataa. Nilisema maneno ambayo wengi mngeyasema: huduma haina likizo, Majilio ndiyo wakati tunapomhitaji zaidi, na mbona mafunzo hayo asiyafanye mwezi wa pili wakati hakuna kitu. Yeye hakubishana. Alisema, "Sawa, mama," akafunga daftari lake la nyimbo, akaenda kuwasha gari kwa sababu theluji ilikuwa imeanza. Ule ukimya wake ndio ulionisumbua. Mtu akinijibu kwa ukali nalala vizuri, lakini akinyamaza sipati usingizi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa kazini nikapata ujumbe wa kunikumbusha kuhusu leseni yangu. Hapa Minnesota muuguzi aliyesajiliwa anatakiwa kuwa na saa 24 za mafunzo kila baada ya miaka 2, ama sivyo haruhusiwi kuihuisha. Basi nikaomba siku ya mafunzo kama ninavyoomba siku zote, nikapewa. Hakuna aliyeniambia kwamba nawaacha wagonjwa. Hakuna aliyeuliza mbona nisisome usiku nikitoka kazini. Inaeleweka kwamba muuguzi asiyejifunza, polepole, anakuwa hatari kwa mgonjwa, hata kama ana moyo wa upendo namna gani. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha mapumziko na chai yangu nikajiuliza: kwa nini mimi ninayelipwa napewa siku ya kujifunza, na yule asiyelipwa tunamnyima?

Tuzungumze kwanza juu ya kazi yenyewe, maana wengi wetu tunamwona mgongo tu. Kaka yetu alijifunzia nyumbani Tanzania, kwenye kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu ili kivute hewa, akitumia *Mwimbieni Bwana*. Pale miguu ni ya pampu. Alipofika hapa akakuta kinanda cha mabomba cha wenyeji wetu, chenye safu 2 za vibonye vya mikono, na chini, mahali pa miguu, safu nyingine ya mbao 32 zinazotoa sauti za besi. Miguu yake, iliyokuwa inasukuma hewa tu, sasa inatakiwa kuimba. Na tofauti nyingine aliwahi kunieleza nilipomuuliza kwa nini anasita kidogo kati ya beti: sauti ya piano hufifia yenyewe baada ya kugonga, lakini ya kinanda cha mabomba haifi mpaka uinue kidole. Kwa hiyo yeye ndiye anayeamua usharika mzima uvute pumzi lini. Asipoinua, bibi zetu wanaishiwa hewa katikati ya mstari. Mimi nahesabu pumzi za watu kwa riziki yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba nyuma yangu kila Jumapili kuna mtu mwingine anayezihesabu.

Kwa miaka 9 amejifundisha mbao hizo 32 peke yake, akitoka ghala anakofanya kazi, kwa ufunguo aliopewa na wenyeji. Sasa anataka kujiandaa kwa cheti cha kupiga kinanda ibadani kinachotolewa na American Guild of Organists, chama cha wapiga kinanda cha nchi hii kilichoanzishwa mwaka 1896. Mtu hupimwa kwa kupiga vipande vya kinanda, nyimbo za usharika, na kusindikiza kwaya. Hajaomba fedha. Ameomba Jumapili 2.

Swali la haki hapa ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu anapotoa kipawa chake kwa Mungu kupitia sisi, je, tunakuwa wenye kipawa hicho? Tunapenda kusema "mpiga kinanda wetu", nami nimeandika hivyo hapo juu. Lakini "wetu" huyo ni wetu kama ndugu, au ni wetu kama viti?

Kuna kisa cha kweli ambacho wapiga kinanda wote wanakijua. Mwaka 1703, Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 18, aliajiriwa kupiga kinanda katika mji wa Arnstadt, Ujerumani. Mwaka 1705, majira ya vuli, aliomba ruhusa ya majuma 4 aende Lübeck, kaskazini kabisa, kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude. Safari ni ya karibu kilomita 400, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu. Majuma 4 yakageuka kuwa kama miezi 4. Akakosa Majilio, akakosa Krismasi. Mwezi wa pili 1706 baraza la kanisa likamwita ajieleze. Akasema alikwenda kujifunza mambo kadhaa ya sanaa yake, na kwamba alitumaini aliyemwachia nafasi alipiga vizuri. Wazee hawakuridhika. Wakamwongezea shtaka jingine: tangu arudi anaingiza sauti ngeni ndani ya nyimbo, usharika unachanganyikiwa. Na tena: zamani alikuwa anapiga kwa muda mrefu mno, alipoambiwa, akaanza kupiga kifupi mno. (Hapo nilicheka. Baraza la wazee ni baraza la wazee, iwe Arnstadt, Iringa au hapa.)

Mwaka 1707 aliondoka akaenda mji mwingine. Arnstadt walikuwa na haki kwa kila walichosema, lakini walimpoteza.

Ningependa kuwa mwaminifu na kisa hiki, kwa sababu tulipokisimulia kwenye kikao cha pili, kila mmoja alikivutia upande wake. Mzee mmoja alisema, "Unaona? Ukimpa wiki 4 anachukua 4 nyingine." Naye hakukosea. Bach alivunja ahadi. Kipawa kikubwa hakimpi mtu ruhusa ya kusema uongo juu ya siku za kurudi. Kazini kwetu, muuguzi akichoka, akaumwa, hata akifiwa, kuna jambo moja halifanyi: haondoki wodini kabla ya kukabidhi zamu. Anamtafuta mwenzake, anamweleza mgonjwa wa kitanda hiki ana nini, dawa ya mwisho ilitolewa saa ngapi, wa kuangaliwa zaidi ni nani. Akishakabidhi, anakwenda, na hakuna anayemwita mtoro. Kosa ni kuondoka bila kukabidhi.

Lakini hapo ndipo swali lilipotugeukia sisi. Kaka yetu amkabidhi nani?

Someni 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25. Daudi aliweka waimbaji na wapiga vinanda wa hekalu 288, wakagawanywa zamu 24, watu 12 kila zamu. Na kura zilipigwa bila kuangalia mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Nimekuwa nikipita sura hiyo haraka kwa sababu ni majina tu, majina ya watu ambao hata kuyatamka ni kazi. Safari hii niliisoma kama mtu anayepanga ratiba ya wodi, nikaona kitu: Daudi hakujenga ibada juu ya mgongo wa mtu mmoja. Ndani ya kila zamu kulikuwa na anayejua na anayejifunza. Maana yake ni kwamba aliyekuwa nje ya zamu alikuwa nyumbani kwake, na sifa ziliendelea.

Kisha nendeni Nehemia 13. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wameondoka, kila mtu amerudi shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Niliyetegemea awakemee ni waimbaji. Aliwakemea wakubwa. Aliwauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Sisi wazee wa kanisa tulisoma mistari hiyo pamoja, na kwa dakika nzima hakuna aliyekohoa.

Kulikuwa na hoja nyingine, na sitaki kuipuuza kwa kuwa wapo wanaoiamini kwa dhati. Ndugu mmoja alisema: warsha sawa, lakini ile jioni ya nyimbo na kinanda ni burudani. Watu wanakaa, wanasikiliza, wanapiga makofi. Hiyo si ibada. Kwa nini tumpe mtu ruhusa ya kukosa ibada ili aende kwenye onyesho?

Ninaelewa hofu hiyo. Tumeona muziki wa kanisa unavyoweza kugeuka mashindano ya nani ana sauti na nani ana suti mpya. Lakini sidhani kwamba mpaka uko kati ya kuimba na kusikiliza. Huyo Buxtehude ambaye Bach alimfuata alikuwa na desturi maarufu hapo Lübeck, ya jioni za muziki kanisani, siku za Jumapili kuelekea Krismasi, zikiwemo Jumapili za Majilio. Hazikuwa sehemu ya liturujia. Wafanyabiashara wa mji ndio waliochangia gharama, na watu waliingia bure. Je, mchuuzi wa samaki aliyeingia kutoka kwenye baridi akakaa nyuma akasikiliza hakuwa akimwabudu Mungu kwa sababu mdomo wake ulifungwa? Mimi nimekaa na wagonjwa wasioweza tena kufungua mdomo, na binti akaweka wimbo kwenye simu karibu na sikio la mama yake. Sijui kuiita hiyo burudani.

Na kuna jambo dogo ambalo si hoja, ila nimeahidi nitaliandika. Baada ya kikao cha kwanza nilimtafuta mke wake jikoni, tulipokuwa tunapakua pilau. Nikamwuliza anaonaje. Akasema yeye hana neno, ila katika miaka 9 hajawahi kukaa ibadani na mumewe. Watoto 3 amewabeba peke yake kwenye benchi. Mdogo alikuwa akilia anamtaka baba, na baba anaonekana pale mbele, na hawezi kuja. Kisha akaendelea kupakua. Sisi tulikuwa tumebishana juu ya huduma saa nzima bila kumwuliza mtu ambaye amekuwa akiilipia.

Kikao cha pili kilikubali. Si wote, ila wengi walikubali. Tumepanga hivi. Kaka yetu amekabidhi zamu: ameandika orodha ya nyimbo za Jumapili zote 2, akachagua zile tunazozijua kwa kichwa, na ameandika kando ya kila wimbo nani aanzishe na kwa sauti gani. Jumapili ya kwanza tutaimba bila chombo, kama tulivyoimba wengi wetu vijijini siku ambazo kinanda kilikuwa kimeharibika, ambazo zilikuwa nyingi. Mama zangu wa Umoja wa Wanawake, mnajua kuanzisha, msijifiche nyuma ya watoto.

Jumapili ya pili, binti mmoja wa miaka 14 ambaye amekuwa akijifunza kwake kwa miezi kadhaa atapiga nyimbo 2, kwa mikono tu, bila zile mbao za miguu. Kiti kimeshushwa, miguu yake bado haifiki vizuri. Atakosea. Akikosea, endeleeni kuimba. Wazazi wake wameniuliza kuhusu makambi ya kiangazi ya chama kile kile, ya vijana wa miaka 13 hadi 18, na baraza limekubali kulizungumza mwezi wa kwanza. Hilo litahitaji fedha, nami nitakuja kuwaomba.

Ibada siku hiyo tutaifunga saa tisa na nusu, mapema kidogo kuliko kawaida yetu (mchungaji amekubali, tumeshuhudia). Magari 4 yana nafasi ya kuwabeba wasio na usafiri kwenda mjini kwenye ile jioni ya nyimbo. Jiandikisheni kwangu mlangoni. Kaka yetu atapiga wimbo mmoja tu, wa tatu kwenye programu, kwa hiyo tusichelewe. Mke wake na watoto nimewawekea nafasi benchi la mbele. Akishamaliza wimbo wake, atashuka akae nao.