Kutwa Mara Tatu

Mgonjwa apokea vidonge dirishani, aambiwa, "Kimoja, kutwa mara tatu." Ameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha alala. Kumbe dawa ile ilitakiwa kila baada ya saa nane, na usiku kucha imepungua mwilini. Ni nani aliyekosea?

Tukihukumu kwa haki, si mgonjwa. Kutwa ni toka macheo hadi machweo, naye ametii neno aliloambiwa. Hata tungesema "kila saa nane", huenda angefahamu saa nane ya mchana. Yafaa basi atajiwe nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Mwaka 1974, mafunzo ya famasia ya chuo kikuu yalianza pale Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka huo huo kikaundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Mwanzo huo watukumbusha kwamba mgonjwa haji dirishani peke yake, bali huja na lugha yake na mila zake. Yuko aliyekwisha kunywa mwarobaini. Yuko mfugaji ambaye maziwa ndiyo chakula chake, na maziwa huzuia tetrasaiklini isiingie mwilini ipasavyo. Yuko afungaye Ramadhani, ambaye aweza kuiacha dozi ya mchana asimwambie mtu, ilhali angaliulizwa, pengine mganga angalimpatia dawa ya kumezwa wakati wa futari na daku.

Wako watakaouliza: sayansi ni moja, kwa nini iinamie mila? Twajibu kwamba heshima si utumwa. Ikiwa mitishamba yadhuru, mfamasia hana budi kusema wazi. Kunyamaza kwa kuona haya ni kumsaliti mgonjwa. Lakini husikilizwa yule aliyekwanza kusikiliza. Mgonjwa aliyedharauliwa huficha, na lililofichwa halitibiki.

Kwa hiyo twaamini kwamba aliyetoa dawa sahihi kwa maneno yasiyofahamika hajatimiza wajibu wake. Mwanafunzi wa famasia asipimwe kwa kujua mizani na kemikali tu. Apimwe pia kwa namna anavyomwamkia mzee aliyesimama mbele yake, na kwa swali amwulizalo kabla hajaondoka: "Mzee wangu, hebu nieleze, dawa hii utaimeza saa ngapi?"