Hiari na Kadari katika Kujifunza Bao

Swali la kadari, yaani iwapo matendo ya mwanadamu yamekwisha kupangwa au yanatoka katika hiari yake, liliwagawa wanachuoni wa Kiislamu tangu karne za mwanzo: Jabriya walishikilia kwamba mja hana uwezo wa kuchagua, Muutazila wakasema ndiye mwenye kuyaumba matendo yake, na Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki katika karne ya 10, akafundisha kwamba Mungu huliumba tendo ilhali mja hulichuma, na kwa kulichuma huko akawa na dhima nalo. Bao haliwezi kuimaliza hoja hiyo, lakini anayejifunza kulicheza, awe Masuguru mkoani Tanga au awe Unguja, huonyeshwa waziwazi mahali hiari inapokaa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, yaani mbegu za mkomwe. Halina dadu wala siri, na kete zilizoliwa hazitoki mchezoni bali hugawanywa katika mashimo ya aliyekula, hivyo anayefungwa hana bahati ya kuisingizia. Tena sheria yake ni kali, kwani penye kula ni lazima kula. Katika namua, hatua ya kwanza ambamo kila mchezaji huingiza kete mojamoja kutoka katika akiba yake ya 22, mchezaji huchagua shimo atakalolitumia kula na, likiwa mbali na ncha za safu ya mbele, huchagua pia aanzie kichwa kipi, yaani shimo la mwisho upande wa kushoto au wa kulia. Baada ya hapo mkono hutii sheria: kete ya mwisho ikikuta cha kula hula, isipokipata huzoa zilizomo na kuendelea, na ikiangukia shimo tupu hulala. Hiari hurudi pale tu kete hiyo inapoishia katika nyumba, shimo kuu linaloanza na kete sita, ambapo mwenyewe asiye na cha kula huamua kulala au kusafiri.

Kwa mwanafunzi, mlolongo huo ni jambo linalomfika. Kwa fundi, aliyeuhesabu hadi mwisho kabla ya kugusa kete, ni tendo lake. Sheria ni zilezile kwa wote wawili, na kilichozidi ni elimu, ambayo haimwondolei mtu ulazima bali humwezesha kuuchuma. Ndiyo maana kutojua humpunguzia lawama yule tu asiyekuwa na njia ya kujifunza. Hata fundi haoni yote, na hapo tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu, huwa na maana. Anayeitanguliza kabla ya kuhesabu hajamtegemea Mungu, bali ameikimbia dhima aliyopewa.