Lenzi ya Jicho, na Haki ya Vipofu wa Kalobeyei

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani siku hizi wenye nafasi wanaliulizia sana jambo moja. Mtu mzima aliyechoshwa na miwani humwendea daktari akaondolewa lenzi ya jicho aliyoumbiwa nayo, akatiwa nyingine iliyotengenezwa na watu. Wengine hufanyiwa Nairobi, wengine husafiri hadi Bara Hindi. Tumeulizwa: je, yajuzu? Jawabu tutalitoa, lakini kwanza twataka kuwapeleka wasomaji wetu mbali kidogo na pwani, kwa sababu masala haya hayawezi kutazamwa kwa jicho la mwenye mali peke yake.

Upasuaji huo si wa miwani tu. Nyuma ya mboni kuna lenzi ambayo kwa kawaida ni safi kama maji. Mtu apitapo miaka arubaini huwa ngumu, naye huanza kuusogeza msahafu mbali ili asome. Umri ukizidi, aghalabu huingiwa na ukungu, nao ukizidi nuru hufungika kabisa. Huyo ndiye mtoto wa jicho, ambaye katika dunia nzima hupofusha watu zaidi kuliko maradhi mengine yote. Dawa yake si matone wala kombe, ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kutia nyingine mahali pake. Basi kazi anayofanyiwa tajiri ili aiache miwani ndiyo ile ile, kwa asili yake, inayomtoa maskini gizani.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyekuwa tabibu Misri zama za Al-Hakim, yapata miaka elfu iliyopita, alieleza namna ya kuufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Waarabu waliyaita maradhi hayo kuteremka kwa maji jichoni. Lenzi ya kutengenezwa ilitiwa mara ya kwanza na Harold Ridley, mjini London, tarehe 29 Novemba 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani vitani, vilikaa humo bila ya kuleta madhara makubwa. Akatengeneza lenzi kwa plastiki ya namna hiyo, na wenziwe wakampinga kwa miaka mingi. Zama zetu lenzi yaweza kutiwa kwa muda usiozidi nusu saa, bila ya kumlaza mgonjwa usingizi.

Sasa twendeni Kalobeyei. Hii ni nchi ya Waturkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, mbele ya Kakuma kwa mwenye kutoka Lodwar, nchi ya jua kali, vumbi na uhaba wa maji. Kakuma ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, yakikusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Wamo humo watu wa Sudan Kusini, Ethiopia, Burundi na Kongo, na wamo Waislamu ndugu zetu, baadhi yao wakisema lugha yetu hii.

Katika nchi hiyo mzee aliyepofuka huongozwa na mtoto: fimbo moja, mzee ameshika ncha hii na mtoto ameshika ile. Watu husema, mashaallah, mtoto ana adabu. Ni kweli, lakini ni nani aliyeuliza mtoto huyo anasoma saa ngapi? Upofu mmoja umewafunga watu wawili. Na hapa yatupasa tuseme kweli, tusije tukawapa watu tamaa ya uwongo: si kila upofu wa Turkana huondoka kwa lenzi. Kuna trakoma, ambayo hugeuza kope zikakikwaruza kioo cha mbele cha jicho mpaka kikaingia kovu. Hiyo yataka maji ya kuoshea nyuso, dawa, na kupasuliwa kope mapema. Lakini mwenye mtoto wa jicho, hata akiwa amekaa gizani miaka, aghalabu huona tena iwapo jicho halina ila nyingine. Hospitali ya rufaa iko Lodwar, safari ya zaidi ya kilomita mia, na kwa miaka mingi madaktari wa macho kutoka Hispania wamekuwa wakija Turkana kupasua. Wageni wamevuka bahari. Sisi hatujavuka hata Mto Tana. Mwaka 2025 posho za chakula za wakimbizi zilipunguzwa hata zikashuka chini ya nusu ya haja yao. Mwenye kuchagua baina ya nauli na unga, mwamjua atachagua lipi.

Wako wanaosema: mpofu asubiri, kwani Mtume (S.A.W.) ametupa habari kwamba aliyeondolewa macho yake mawili akasubiri atalipwa Pepo. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi twaiamini. Lakini Mtume huyo huyo amewaamrisha waja watafute dawa, na Sayyidna Ali (R.A.) alipougua macho siku ya Khaybar hakuambiwa akae asubiri, bali alitibiwa na kuombewa. Subira ni ya jambo lisilo na hila. Kuacha dawa iliyopo kwa kuogopa gharama, kisha kuita hivyo subira, ni kuipa dini jina la ubahili wetu. Na anayemwambia mwenziwe asubiri, ilhali yeye ana uwezo wa kumtibu, huyo hakusubiri chochote.

Wengine hutaja kisa cha Ibn Abbas (R.A.), aliyeteremkiwa na maji machoni, akaambiwa atatibiwa kwa sharti asali kwa kulala siku kadha, akakataa. Huo ulikuwa uchaji wake nafsini mwake. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kauli iliyo sahihi zaidi, wamejuzisha mwenye maradhi ya macho asali kwa kulala akiambiwa hivyo na tabibu wa kuaminiwa, hata akiwa anaweza kusimama. Kwa hiyo aliyekatazwa kuinama baada ya upasuaji, na aashirie sijda. Aliyekatazwa maji yasifike jichoni, na aoshe palipo salama, na atayamamu kwa ajili ya pale asipoweza kuosha. Na matone ya jicho hayafunguzi saumu kwa madhehebu yetu, hata akihisi uchungu wake kooni.

Ama muulizaji wetu wa kwanza, hatusemi ni haramu. Lenzi hiyo ni kitu tohara, na kutaka kuona vizuri ni jambo jema. Lakini jicho ni amana. Jicho likipasuliwa laweza kuingia uchafu, na mwenye kuona karibu tu, khasa akiwa bado kijana, hukhofiwa pazia la nyuma ya jicho kubanduka. Baadhi ya hizo lenzi humletea mtu miale ya taa usiku, na wengine huhitaji miwani vile vile. Asiye na mtoto wa jicho, naye miwani yamtosha, twamnasihi asiwe na haraka, na amuulize daktari asiye na faida katika jawabu lake.

Na akiisha kuamua kujifanyia, na atoe kiasi kwa ajili ya jicho la maskini. Mpofu fakiri Mwislamu ni katika wanaostahiki zaka, na sadaka yajuzu kwa Mturkana asiye Mwislamu. Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba njiani, akaamrisha apewe riziki katika Baitulmali. Hakumuuliza kwanza kama atasilimu.

Twaomba maimamu wa misikiti walitaje jambo hili Ijumaa, kabla ya zaka za Ramadhani hazijagawanywa zote hapa hapa mjini. Wabillahi tawfiq.