Alirudi kwa Waliomteka

Andiko kuu: Mwanzo 50:15-21
Soma pia: Mathayo 18:21-35, Yeremia 29:4-7, Waraka kwa Filemoni

Ujumbe huu niliuhubiri kwenye ibada ya pili, na baadhi yenu mkaniomba niuandike ili mwende nao nyumbani. Nimeufupisha kidogo, lakini ile sehemu iliyonichoma mimi mwenyewe nimeiacha kama ilivyo.

Wengi mnajua kwamba kabla ya kuitwa kwenye huduma hii nilikuwa Dublin, nchini Ayalandi, nikisomea shahada ya pili ya biashara. Mwanafunzi kutoka nje anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa. Nilifika mwezi wa Septemba. Kufikia Machi nilikuwa nimechoka na baridi, nimechoka na upweke, na hata maombi yangu yalikuwa yamekauka. Mtu anaweza kuwa ameokoka na bado awe mkavu kama kuni.

Basi katikati ya Machi mji ukaanza kuvaa kijani. Madirisha kijani, bendera kijani, hadi kofia za watoto. Nikauliza kuna nini. Nikaambiwa tarehe 17 ni Siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya taifa. Nikasema kumbe, hii ni Jamhuri Dei yao.

Kwenye mkahawa kulikuwa na mama mmoja mpishi, mtu mzima wa rika la mama yangu. Wenzetu kule wanaitana kwa jina tu, hata kama umri wake ni wa kukuzaa. Mimi jina lake lilinishinda kulitamka hivyo, nikawa namwita "Mama", na yeye akawa anacheka. Mama huyu akaniambia, "Huwezi kukaa chumbani peke yako siku kama hiyo. Utakuja na mimi na wajukuu wangu."

Siku ikafika. Sikuwa na nguo ya kijani hata moja. Nilichokuwa nacho ni bangili ya shanga ya bendera yetu, ile mnayoijua, nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Mjukuu mmoja akaishika akasema kijani kipo, inatosha. Tukasimama O'Connell Street kwenye upepo unaokata masikio. Saa sita mchana gwaride likaanza kutoka Parnell Square: bendi za ngoma na tarumbeta, wachezaji, masanamu makubwa yenye rangi. Linavuka daraja la mto Liffey na kwenda hadi upande wa kanisa kuu lenye jina la huyo Patrick.

Niseme ukweli, moyoni nilikuwa nahukumu. Niliona vijana na bia mkononi mchana kweupe, nikasema hawa wamemchukua mtu wa Mungu wakamfanya kisingizio cha kulewa. Na sisi Wapentekoste hatuna desturi ya siku za watakatifu. Kumbe hata wao wenyewe waliliona jambo hilo. Kuna miongo ambayo sheria yao ilizifunga baa siku hiyo. Lakini Mungu hakuwa amenileta pale kuhesabu chupa za watu.

Nikamwuliza Mama, "Huyu Patrick alikuwa kiongozi wenu wa uhuru?"

Akanitazama. "Hakuwa hata Mwayalandi. Alikuwa mgeni kama wewe. Sisi tulimwiba."

Nikasema, "Mlimwiba?"

"Tulimwiba, tukamfanya mtumwa. Akatoroka. Halafu akarudi."

Kanisa, lile neno "akarudi" lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki kooni.

Usiku ule nilisoma habari zake, kwa sababu aliacha maandishi yake mwenyewe. Patrick aliishi karne ya 5. Alizaliwa Briteni, kisiwa cha jirani, wakati wa Warumi. Baba yake alikuwa shemasi na babu yake kuhani, lakini yeye anakiri kwamba hakumjua Mungu wa kweli. Hapo wewe uliyezaliwa kwenye familia ya kanisa, jiulize. Akiwa na umri wa miaka kama 16, wavamizi kutoka Ayalandi walimteka pamoja na watu wengi, akauzwa, akachunga mifugo miaka sita. Ni huko malishoni, kwenye baridi na mvua, ndipo alipomgeukia Mungu, akiomba mara nyingi mchana na usiku. Hatimaye akasikia sauti ikimwambia meli yake iko tayari. Akatoroka, akatembea mbali sana, akapanda meli, na baadaye akafika kwao.

Hadithi ingeishia hapo, sisi tungepiga vigelegele. Ametoka utumwani, haleluya! Lakini alipokuwa nyumbani aliota ndoto, na ndani yake akasikia sauti ya watu wa Ayalandi wakimwita arudi atembee tena kati yao. Ndugu zake walimsihi asiende. Akaenda. Akawapelekea Injili watu wa nchi ile ile iliyomnunua kama mbuzi.

Sasa niwaambie kwa nini neno lile lilinikaa. Baba yangu alipofariki, baba mkubwa alichukua shamba letu, ekari mbili. Mama akabaki na mahali pa nyumba na migomba michache. Mimi nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena boma la mzee huyo. Mwaka ule nikiwa Dublin alijaribu kunipigia simu mara kadhaa. Nikaizuia namba yake. Na Jumapili nilikuwa nikiongoza sifa kwenye ushirika wetu wa Waafrika, mikono juu!

Wapendwa, nichukue mambo matatu hapa.

1. Kinyongo kinaonekana kama mali, kumbe ni hasara

Nilisomea biashara, kwa hiyo nivumilieni. Mtu akikudai, hilo ni deni lako. Ukimdai wewe, vitabu vinaliandika kama mali yako. Kuna madeni yanakaa kwenye vitabu miaka na miaka, mfanyabiashara anayahesabu na kujiona tajiri, kumbe hayatalipwa kamwe. Siku akikubali ukweli, anayafuta, na hapo tu ndipo anajua amebaki na nini. Mimi nilikuwa nikilihesabu deni la baba mkubwa kila usiku. Nilijiona mwenye haki. Halikuniingizia hata shilingi, lakini usingizi lilinila. Yule mtumishi wa Mathayo 18 alisamehewa deni lisilohesabika, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Nilijiona kwenye mstari ule.

2. Kusamehe si kunyamazia uovu

Kuna mama atauliza, "Pasta, kwa hiyo niache shamba liende?" Hapana. Patrick huyu huyu aliyewasamehe waliomteka, baadaye askari wa mtawala mmoja aitwaye Coroticus walipowaua baadhi ya Wakristo aliowabatiza na kuwateka wengine, aliandika barua kali ya kuwakemea hadharani. Hakusema "ni mapenzi ya Mungu, tuvumilie." Alidai watu wake waachiliwe. Kumbe moyo uliosamehe unaweza kudai haki bila sumu. Yusufu naye hakuwaambia ndugu zake kwamba hawakukosa. Aliwaambia wazi kwamba walikusudia mabaya, ila Mungu alikuwa na kusudi lake jema ndani yake. Halafu akawalisha, wao na watoto wao.

3. Mahali ulipoumizwa panaweza kuwa shamba lako la huduma

Patrick aliwajua watu wale na njia zao, kwa sababu aliishi kwao akiwa mtumwa. Hasara yake ikawa mtaji. Na mbegu haikuishia kule. Pale Iten kuna shule ya wavulana yenye jina la Patrick, ambako Bruda Colm O'Connell, Mwayalandi, alifika mwaka 1976 kufundisha, na baadaye akamnoa David Rudisha. Mtoto aliyetekwa karne ya 5 jina lake limeandikwa kwenye lango la shule kwetu Bonde la Ufa. Wewe hujui uchungu wako Mungu anaupeleka wapi.

Usiku ule wa tarehe 17 niliifungua ile namba, nikapiga. Mzee akapokea. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Huko ni baridi?" Nikasema, "Ni baridi sana, baba." Hakuomba msamaha. Hakutaja shamba. Tuliongea dakika nne hivi, habari za mvua na ng'ombe. Nilipokata simu nililia kama mtoto.

Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani, na Desemba nikaenda bomani kwake. Mama yangu akasema atanisindikiza hadi kwenye lango tu. Akaingia. Miaka tisa hakuwa ameingia pale. Mzee akachinja kuku. Nisiwadanganye: ekari moja imerudi, nyingine bado iko mbele ya wazee na tunaifuatilia kwa utaratibu. Lakini mimi sidaiwi tena usingizi wangu.

Wiki hii fanya hivi: Andika jina la mtu mmoja ambaye namba yake umeizuia, kwenye simu au moyoni. Mwombee kwa jina siku saba. Kama ni salama kufanya hivyo, mpigie umsalimie tu, usianze na kesi. Kama ni mtu aliyekudhuru na bado anaweza kukudhuru, usiende peke yako. Njoo ofisini tuzungumze na wazee wa kanisa. Na kama una mgeni mtaani kwako, Desemba 12 usimwache akae chumbani peke yake. Mkaribishe chapati.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliturudia sisi tuliokuwa adui zako. Tufundishe kurudi. Futa hesabu tunazozishika usiku, tupe ujasiri wa kudai haki bila chuki, na geuza mahali pa machozi yetu pawe shamba la mavuno yako. Kwa jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe sana. Tukutane Jumatano kwenye maombi, saa kumi na mbili jioni.