Karo ya Mwenyeji na Hatia Isiyorithiwa

Swali la nani alipe karo ya chuo kikuu kwa kiwango cha mwenyeji huonekana kuwa la kihasibu, lakini katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ambao kuanzia Bukoba hadi Muleba umepokea kwa vizazi vibarua wa migombani na wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi, swali hilo ni la haki na la imani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi, yaani uraia upatikanao kwa maombi, awe ameishi nchini miezi 12 kabla ya kuomba, na miaka isiyopungua 7 katika 10 iliyotangulia hiyo. Muda huo wote kijana hubaki nje ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo ni ya raia, na penye viwango viwili vya ada huhesabiwa mgeni.

Wapo wasemao kwamba mzazi aliyevuka mpaka bila kibali hawezi kuuachia uzao wake manufaa ya kosa lake, na oparesheni ya mwaka 2013 ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali ilionyesha jinsi hoja hiyo ilivyo na nguvu Kagera. Hata hivyo, Ezekieli sura ya 18 na Qurani sura ya 6 aya ya 164 zinakataa kumtwisha mtu mzigo wa dhambi ya mwingine, na ni vigumu kuona jinsi muumini wa kitabu chochote kati ya hivyo atakavyomtoza mtoto faini ya safari ambayo hakuichagua.

Hoja nzito zaidi ni ya uhaba: fedha za mikopo hazitoshi hata kwa watoto wa raia maskini. Hoja hii yastahili heshima, ila inahusu mkopo, si karo. Kumtambua kama mwenyeji mtu aliyesoma, kulima na kulipa kodi ya bidhaa hapa hakumnyang'anyi mwingine mkopo wake. Kuchelewa nako kuna gharama. Warundi wapatao 162,000, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na uzao wao, walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, wakati mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka wa kukubaliwa alikuwa amekwisha kumaliza cha nne.