Bure Si Huru

Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili, na watu wa kompyuta wamehangaika nalo zaidi ya miaka 40. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ameeleza mara nyingi kwamba akilitumia neno hilo kwa programu anazungumzia uhuru, bei haimo. Sisi tumepewa maneno mawili. Kuna bure na kuna huru. Mtoto wa Ukunda anajua embe la kuokota ni la bure, na mbuzi aliyekata kamba yuko huru. Lakini tukishika simu, tunayachanganya.

WhatsApp ni ya bure, lakini haiko huru. Masharti yakibadilika, kazi yetu ni kubonyeza "nakubali". Windows ya kraki unayowekewa na fundi inakuja kwa bei ya chini, tena ni ya wizi, na bado haiko huru. VLC, Firefox na LibreOffice ni za ukoo mwingine. Hizo ndizo programu huria: yeyote anaweza kuangalia maandishi yake ya ndani, kuyabadilisha na kumpa mwenzake. Hata Android kwenye simu ya bei nafuu imejengwa juu ya Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, mifuko yetu imejaa kazi ya watu tusiowajua. Sasa mimi najiuliza: ukila cha mtu aliyekupa bila kukudai kitu, je, unadaiwa?

Nina sababu ya kuuliza. Mimi naishi kwa kuandika, nalipwa kwa kipande. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokwisha. Kilichoondoka na chuo ni akaunti ya mwanafunzi, na programu niliyokuwa nikiandikia ikaniruhusu kusoma tu, kuandika hapana. Kazi zangu mwenyewe nikawa naziangalia kama samaki ndani ya kioo. Sikuibiwa, masharti ndivyo yalivyokuwa. Tangu hapo natumia laptopu ya mtumba yenye Linux Mint na LibreOffice, na hata haya unayosoma nimeyaandikia humo. Hakuna atakayeniamsha kesho aniambie nirudishe kalamu kwa sababu si mwanafunzi tena.

Jirani yangu mmoja Msambweni, mama muuza samaki, ana simu ya mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo. Bahari ikichafuka hakuna samaki, na malipo yakichelewa simu inajifunga yenyewe. Namba za wateja ziko ndani, naye yuko nje. Simu anayo mkononi, ufunguo uko kwa mwingine. Programu huria peke yake haimfungulii, maana hata simu yake ina Linux ndani. Ila kisa chake kinaonyesha kwamba kushika kitu na kukimiliki ni mambo mawili.

Rafiki yangu huniambia, "We si fundi. Huo uhuru wa kusoma maandishi usiyoyaelewa una faida gani?" Swali zuri, na hapa Kwale jibu lake ni ardhi. Wengi wetu hatujui kusoma ramani ya mpimaji. Lakini tunajua familia zilizolima shamba la babu miaka na miaka, kisha siku moja zikaambiwa hati ina jina la mtu zisiyemfahamu. Je, kwa kuwa hatujui kusoma ramani, tuseme rejista ifungwe? La. Tunataka iwe wazi ili mpwa wetu anayejua kusoma atusomee. Uwazi unamfaa hata asiyejua, mradi kuna anayejua na hana haja ya kuomba ruhusa.

Turudi kwenye deni. Mawazo yangu ya kwanza yalikwenda kwenye mweria, ule utaratibu wa Wamijikenda wa kulimiana kwa zamu. Leo tuko kwangu, kesho tuko kwako. Huko Kinango, shirika la Grassroots Economics limejenga juu ya fikra hiyo: sarafu za kijamii zinazowawezesha majirani kubadilishana kazi na bidhaa hata shilingi zikiadimika, kwa programu zilizo wazi, tena mtu anazitumia kwa simu ya mulika mwizi. Lakini mweria unahitaji watu wanaojuana. Torvalds hatakuja kulima kwangu, na mimi sina zamu shambani kwake.

Kinachofanana zaidi ni kisima cha wakfu. Mtu amechimba, ametoa kwa ajili ya Mungu, pengine amekufa zamani. Kisima hakiuzwi wala hakirithiwi. Anayekunywa hadaiwi na mchimbaji, lakini hana ruhusa ya kukizungushia ukuta na kuuza maji. Leseni ya GPL, aliyoiandika Stallman mwaka 1989, ina roho hiyo: chukua, badilisha, hata uza ukitaka, lakini ukimpa mwingine, mpe na uhuru ule ule uliopewa wewe.

Tena kisima hujaa tope. Asipopatikana wa kukifukua, wakfu unabaki jina. Mwaka 2024 tuliona hilo. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, ambayo imo ndani ya karibu kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 aliandika hadharani kwamba nguvu zake zimepungua, huku akisukumwa aharakishe. Mgeni aliyejiita Jia Tan alisaidia kwa subira mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeona tu kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Aliweza kuchimba mpaka akaukuta kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi. Lakini mgeni alipata nafasi kwa sababu mfukuaji alikuwa peke yake na amechoka, na sisi sote tulikuwa tunakunywa.

Kwa hivyo naamini tunadaiwa, ila mdai si mchimbaji. Ni kisima chenyewe, na mtu atakayekuja na ndoo baada yetu. Asiye fundi pia ana cha kufanya. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali. Kutafsiri ni kufukua. Kuripoti hitilafu kwa adabu ni kufukua. Kumwekea jirani na kumfundisha, bila kumcheka akiuliza mara ya tano, nako ni kufukua. Mimi wakati mwingine, umeme ukiwepo na bando likiwepo, hutafsiri sentensi mbili tatu. Ni kidogo sana ukilinganisha na nilichokunywa. Lakini anayeishi kwa maneno alipe kwa maneno, na kila mmoja aangalie ndoo yake ina nini.