Je, Mwangwi wa Studio ni Uongo?



Vijana wenzangu, kwenye kwaya zetu kuna ubishi usioisha: tukirekodi wimbo, halafu prodyuza akaongeza ule mwangwi wanaouita riverbu, je, tunawadanganya wasikilizaji? Mwenzangu mmoja wa besi anasema wazi: "Tumeimba kwenye kachumba kamebandikwa magodoro, kwenye albamu tunasikika kama tuko kanisa kuu. Huo si uongo?"

Swali lake si la kupuuza. Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani EMT ilitoa mtambo ulioitwa EMT 140. Ndani yake hakuna ukumbi wowote. Kuna bamba jembamba la chuma, urefu mita 2 hivi na kimo mita 1, limening'inizwa ndani ya fremu. Sauti ya mwimbaji inalitikisa bamba, mtikisiko unasambaa na kurudi kutoka kingoni, nao unanaswa. Siku hizi programu ya kompyuta inaiga kazi hiyo.

Sasa angalia: bamba halitungi noti. Linarudisha lilichopewa na kukirefusha. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, alifundisha kwamba kiini chake ni nia ya kudanganya. Kuta za mawe za kanisa nazo hurefusha sauti, na sisi hatuziiti waongo. Kwa hiyo mimi nasema riverbu yenyewe siyo dhambi.

Lakini mwenzangu kagusa jambo. Augustino huyohuyo, kwenye Maungamo, alihangaika kwamba wakati mwingine uimbaji ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Hatari iko hapo. Studio mara nyingi sauti hunaswa kavu na riverbu huja baadaye, ila mwimbaji huwekewa kidogo kwenye hedifoni ili ajisikie vizuri. Na kweli unajisikia vizuri! Unaweza kudhani ule utamu ni sala, kumbe ni chuma tu. Wa kwanza kudanganyika si msikilizaji, ni wewe.

Mafundi wa EMT waliweka pia bamba la pili la kufyonza mtikisiko: ukilisogeza karibu, mwangwi unakatika mapema. Walijua kwamba mwangwi ukizidi, maneno yanakanyagana. Na kwenye wimbo wa ibada, neno likipotea, tumebaki na nini?

Basi kipimo changu ni hiki. Kabla ya kuongeza chochote, kwaya nzima ikae isikilize sauti kavu. Kama mnaweza kumtolea Mungu hiyo hiyo, riverbu itakuwa pambo, kama maua altareni. Kama mnaona aibu, msiizibe kwa mwangwi. Rudini mazoezini.

Maana ukipiga magoti usiku chumbani kwako, hakuna prodyuza. Mungu anakusikia kavu, na anakupokea.